Okochi Yuko Nyuma ya Mti

Jumapili saa nane mchana kibanda chetu ni cha Waingereza. Vijana wa filamu za ngumi wanajua, wapenzi wa mpira wanajua, na asiyejua namwambia mimi mlangoni, tena simwambii mara mbili. Saa hiyo tunaonyesha sinema za zamani za vita, zile ambazo nyingi hazina rangi, wanaume wanavuta kiko na kushukuriana huku mabomu yanaanguka.

Kibanda kiko upande wa Uganda, nyuma ya soko la Busia: mabati, benchi za mbao, feni moja, na spika mbili ambazo mume wangu Paddy anazipangusa kila asubuhi ilhali viatu vyake havijui kitambaa. Mimi ni Nereah, Mjaluo kutoka Ugenya, ng'ambo ya Kenya. Nimezeekea hapa lakini Paddy bado ananiita nyar Ugenya, binti wa Ugenya, hasa akiona nimekasirika, kwa hiyo naitwa hivyo karibu kila siku. Mimi nakaa mlangoni. Yeye anakaa kando ya televisheni na maikrofoni, kwa sababu ni vijei. Sinema inasema Kiingereza, anaishusha sauti, kisha anatueleza kwa Kiswahili chetu cha mpakani nani kasema nini, nani ana nia mbaya na nani hatafika mwisho. Anatia chumvi. Bila chumvi watu wangebaki makwao.

Nazipenda sinema hizo na sioni haya. Tumezipa majina yetu wenyewe. Ipo Meli ya Chai, ambayo nahodha wake kila meli ikipigwa huagiza kikombe kingine. Ipo Masharubu, ya marubani wanaokaa kwenye viti vya uani wakingoja kengele. Na ipo Msitu wa Mvua, ya vita vya Burma, ambamo kapteni mmoja mrefu anaongoza kikosi chake porini kwenda kulipua ghala la mafuta la Wajapani. Hiyo ndiyo kipenzi cha wote. Napenda jinsi wanaume wale wanavyoogopa kimyakimya. Napenda kwamba Mwingereza wa sinema hafi kabla hajamaliza anachosema. Mume wangu akipigwa risasi siku moja, ataendelea kusema mpaka jioni.

Lakini kuzipenda si kuziamini, na nusu ya raha ya Jumapili ni kubishana. Jared, ambaye kazi yake ni kupitisha mizigo ya watu forodhani upande wa Kenya, huvuka kila wiki kuja kutafuta makosa.

"Cheki hiyo shati," husema. "Wiki tatu kwa bush na bado imenyooka. Nani anampigia pasi?"

"Bibi yake iko ndani ya begi," Paddy humjibu kwa maikrofoni, na kibanda kizima huvunjika mbavu.

Mwingine huuliza mbu wamekwenda wapi. Mwingine anataka kujua kwa nini vitani hakuna hata mtu mmoja anayekimbilia chooni. Paddy huwajibu wote, na sinema hupita hivyo mpaka mwisho. Mama Taaka tu ndiye aliyekuwa hasemi kitu. Alikuwa mama mzee wa Kisamia kutoka Dabani, aliyekuja moja kwa moja kutoka kanisani na gomesi, gauni lake refu la Jumapili, mkanda umefungwa vizuri kiunoni, na kuketi benchi la mbele chini ya feni. Alitazama Msitu wa Mvua mara nyingi, mikono mapajani. Nilidhani anakuja kupumzisha miguu.

Jumapili moja kapteni na watu wake walipiga kambi. Wakatoa hema, redio, masanduku ya risasi, meza ya kukunja na vikombe vya chai. Mama Taaka akainua mkono, kama yuko darasani.

"Paddy, mimi nataka kuuliza. Hii mizigo yote, nani nabeba?"

Kibanda kikanyamaza. Busia ni mji wa mizigo. Hapa kila mtu amewahi kubeba, kubebesha au kubebewa. Mahindi yanavuka huku, saruji inavuka kule, na hakuna gunia lililowahi kuvuka kwa miguu yake lenyewe. Tulikuwa tumecheka shati miaka yote ile, na hakuna aliyeiona meza. Tuliwahesabu wale Wazungu kwa macho na wote walikuwa wametembea mikono mitupu, isipokuwa bunduki na kiko.

"Baba yangu alikwenda huko," Mama Taaka akasema. "Okochi. Keya ilimchukua mimi bado niko tumboni."

Wazee wetu wanalijua jina hilo. Keya ndilo lile jeshi la Waafrika la mfalme wa Uingereza. Okochi alipelekwa Burma na hakurudi, na hakuna aliyekuja nyumbani kueleza yaliyompata. Mama Taaka hakuwahi kuuona uso wake hata kwenye picha. Alikuwa anakaa pale mbele kila Jumapili akimtafuta.

Sasa, mume wangu ana ugonjwa mmoja: hawezi kuacha kimya kikae. Akasogeza maikrofoni. Kwenye televisheni kapteni alikuwa amesimama karibu na mti mkubwa.

"Okochi iko nyuma ya huo mti, mama," akasema Paddy. "Kamera haikumshika, lakini mimi namwona. Amebeba sanduku ya risasi kichwani. Mkono moja tu ndiyo nashika. Sasa naambia kapteni, bwana, kunywa chai yako haraka, mvua nakuja."

Mvua ikaja kweli, maana imo kwenye sinema. Mama Taaka akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. Mimi mlangoni nilijifanya napanga benchi la nyuma.

Tangu siku hiyo Okochi hakukosekana. Kila Msitu wa Mvua ilipoonyeshwa, alitokea nyuma ya mti. Paddy alimpa sauti nzito na maneno machache. Okochi alimwonya kapteni juu ya nyoka. Okochi alijua njia. Mwisho, kikosi kilipovuka mto chini ya risasi, na Wazungu watatu kuangukia majini kila mmoja na hotuba yake, Okochi alivuka na sanduku lake juu ya kichwa, likiwa kavu. "Amefika ng'ambo," Paddy alisema kila mara. "Tutaonana Jumapili." Watu walipiga makofi. Mama Taaka aliinuka, akavuta gomesi yake, akaenda zake nyumbani.

Ulikuwa mchezo wa upendo, na mimi mwenyewe niliupenda. Hakuna aliyefikiri utatoka nje ya mlango wangu.

Daktari akamwambia Mama Taaka kwamba moyo wake umechoka. Yeye hakuogopa kufa. Aliogopa kumtangulia baba yake kuzikwa. Kwao Dabani, mtu aliyepotelea mbali asiporudi hata maiti, hukatiwa shina la mgomba, likavikwa shuka na kuzikwa mahali pake, ili naye awe na pa kulala na walio hai wamalize msiba. Okochi hakuwahi kufanyiwa. Mke wa Okochi, mama yake Mama Taaka, alikataa mpaka mwisho, akingoja mlango ugongwe, na waliobaki wakanyamaza.

"Sitaki kufika kule nikute yeye bado natembea," Mama Taaka aliniambia, amenishika mkono pale mlangoni.

Ukoo ulikubali. Lakini kuna jambo moja ambalo halirukwi: hakuna kaburi linalofukiwa kabla mtu hajasimama kueleza marehemu alikufaje. Hata kama alikufa hospitali mbele ya ukoo mzima, lazima mtu asimame aeleze homa ilianza lini na alisema nini mwisho. Mzee Patroba, mkubwa wa ukoo, akauliza ni nani atakayeeleza kifo cha Okochi. Mama Taaka akasema Paddy wa kibanda anajua.

Na Mzee Patroba akaridhika. Maana kule Dabani habari ilikuwa imefika kwamba vita vya Burma vilipigwa picha, kwamba Okochi yumo, na kwamba Paddy amemwona kwa macho yake akivuka mto.

Aliyekuja kutushtua ni Arnold, mjukuu wa Mama Taaka, anayefundisha historia shule moja ya sekondari Tororo. Alifika Jumapili na koti lake la shule na uso umekunjwa. Hakusalimia vizuri. Nilimwambia akae au atoke, asisimame mlangoni mwangu kama askari wa forodha. Akakaa. Bibi yake hakuwapo siku hiyo. Alikuwa nyumbani kwake anapumzika.

Alitazama Msitu wa Mvua mpaka mwisho. Nilimwona anavyotazama na nikajua huyu ni mmoja wetu, maana kapteni alipowasha kiko kwenye mvua kubwa Arnold alicheka peke yake. Taa zilipowaka akamfuata Paddy.

"Mzee Paddy, mimi nakuheshimu. Lakini hii filamu walitengeneza kwao Uingereza. Hao ni waigizaji. Angalia hata msitu wenyewe, ni mwepesi kuliko miti ya kalitusi kule Molo. Hiyo bunduki ya yule sajini ilikuja baada ya vita. Na hao watu wa Keya walikuwa Burma kweli, si mmoja, si kumi, ni maelfu. Walitembea kwa hiyo matope miezi mingi. Watu wa sinema waliwaacha tu."

"Najua hayumo," akasema Paddy. "Mimi ndiyo nimemweka."

"Basi nenda umwambie Mzee Patroba. Yeye anafikiri unayo ushahidi."

"Nikimwambia, hakuna mgomba."

Arnold akakaa tena kwenye benchi. Hakuwa mtu mbaya. Alijua moyo wa bibi yake ulivyo, maana ndiye aliyempeleka kwa daktari.

"Na usipomwambia," akasema, "tutazika Jaja Okochi, babu yetu, na uongo."

Nilikuwa upande wa Arnold na sikuficha. Jioni ile, tukila, nilimwambia mume wangu kwamba mdomo wake hauna breki na sasa umemfikisha kaburini kwa watu. Kudanganya kibandani ni kazi. Kudanganya juu ya kaburi lililo wazi ni kitu kingine, na akifanya hivyo asirudi kwangu, aende akalale na spika zake.

Paddy akarudisha tonge kwenye sahani.

"Nyar Ugenya, kudanganya si shida. Shida ni kwamba mimi sijawahi kumuua," akasema. "Kila Jumapili mama amekaa hapo mbele. Ningemuua namna gani? Nimemvusha, nimemvusha. Sasa wananiuliza alikufaje na mimi sijui hata uongo wake."

Hasira ikanitoka. Nilimwongezea mchuzi.

Siku ya mgomba ilikuwa Jumamosi asubuhi, na watu wengi wa Dabani walikuja kuliko nilivyotegemea. Jared alivuka na mashati yake mawili, moja la kuvaa na moja la kubadili, kwa sababu ya vumbi. Shina lilikuwa limelazwa kwenye mkeka, limevikwa shuka jeupe, urefu wa mtu. Unajua kabisa kwamba ni mgomba, ulikuwa shambani jana yake, lakini ukisimama karibu unashusha sauti. Watu wa kanisa wakaomba, wakaimba, wakakaa kando. Mama Taaka aliketi kwenye kiti chenye mikono, kando ya mkeka, na gomesi ileile ya Jumapili.

Mzee Patroba akasimama na fimbo. "Nani naeleza?"

Paddy akapewa maikrofoni.

"Wazee, wamama," akaanza. "Mnataka niseme Okochi alikufa namna gani. Mimi hapana jua."

Watu wakatazamana.

"Hiyo sinema nimeangalia mpaka macho naumia. Okochi hayuko ndani. Ni watu wa Uingereza wamevaa nguo ya vita, wanacheza. Wao hawakumweka. Mimi ndiyo nilimweka, kwa sababu mama aliuliza nani nabeba mizigo, na mimi nikaona aibu kumwambia hakuna mtu."

Akamtazama Mama Taaka, akainamisha kichwa. Minong'ono ikapanda kutoka nyuma, na mama mmoja karibu nami akasema basi tumeitwa hapa bure. Nilimkodolea macho akanyamaza. Niliona fahari juu ya mume wangu na nilitaka kumficha chini ya kitenge changu, vyote kwa pamoja.

Arnold akasimama bila kuitwa. Akaeleza anachokijua: kwamba vijana wa Keya walikuwa kule, kwamba mvua ilinyesha bila kukoma, kwamba walibeba na kupigana katika matope, kwamba wengine waliuawa na risasi na wengine na homa. "Lakini babu mwenyewe, siku yake, mahali pake," akasema, "mimi pia sijui. Nimesoma sana na sijamkuta."

Mzee Patroba akatikisa kichwa. Hakuwa mkali, alionekana kuhuzunika. "Basi hakuna neno," akasema. "Bila neno hatuwezi kufukia. Huyu atangoja."

Mama Taaka akasema, "Nipe mimi."

Paddy hakuelewa. Mama mzee akanyoosha mkono, na Paddy akaipeleka maikrofoni, akapiga goti kando ya kiti na kuishika karibu na mdomo wake, kwa sababu mama hakujua inashikwa umbali gani.

"Mimi najua hii ni sinema," akasema. "Nyinyi mnafikiri mimi ni mtoto? Najua Paddy natia chumvi. Baba yangu hawezi kujua Kiswahili ya Busia ya leo."

Watu wengine wakacheka bila kutaka.

"Lakini mimi ndiyo nimekaa na yeye. Kila Jumapili. Paddy namvusha mto, watu wanapiga makofi, mimi nakwenda nyumbani, na najua bado amebeba. Jumapili ingine, bado amebeba. Paddy ni mtu mzuri, lakini hajampa kupumzika hata siku moja." Akaweka mkono juu ya kichwa cha mume wangu, aliyekuwa amepiga goti bado. "Kwa hivyo mimi naeleza. Mvua ilikuwa nanyesha. Alifika ng'ambo. Hakuna mtu alimpiga. Alikuwa amechoka. Akashusha ile sanduku chini, akakaa juu yake, akauliza mtoto wangu ni msichana au kijana. Wakamwambia ni msichana. Akalala."

Ilikuwa asubuhi, jua limewaka, na kuku wanatembea kati ya miguu yetu.

"Nani alimwona?" akauliza Mzee Patroba, kwa sauti ya chini, kwa kuwa desturi inamtaka aulize.

"Mimi."

Mzee Patroba akamtazama Mama Taaka, binamu yake, muda mrefu. Alikuwa mtu wa desturi na alijua vizuri inachotaka. Inataka mdomo wa mtu mmoja, usimame mbele ya watu, useme. Akapiga ardhi kwa fimbo.

"Ameelezwa," akasema. "Mchukueni."

Nililia, na sijali nani aliona. Nilichota udongo kwa mikono miwili, mimi niliyekataa uongo wa kaburini, nikautupa juu ya lile shuka jeupe na kumwambia Okochi alale. Arnold alikuwa upande wa pili wa kaburi na koleo, koti lake la shule limejaa vumbi, akifukia kwa nguvu kuliko wote. Mama Taaka alitazama mpaka udongo ukawa mlima, ndipo akaomba chai.

Sikumtegemea kesho yake. Mtu akitoka msibani hukaa nyumbani. Lakini saa nane Jumapili aliingia, Arnold amemshika mkono, akaketi benchi lake chini ya feni. Arnold akakaa nyuma karibu na Jared, na kabla jina la sinema halijaisha walikuwa wameanza kubishana kuhusu bunduki ya sajini.

Watu walitaka Msitu wa Mvua, nasi tukawawekea. Kapteni akatembea na shati lake. Kambi ikapigwa: hema, redio, masanduku, meza ya kukunja, vikombe. Kapteni akaja kusimama karibu na mti mkubwa, na hapo Paddy akanyamaza. Kimya kikakaa kibandani na mume wangu akakiacha. Alishusha maikrofoni mapajani.

"Sasa vipi, Paddy," Jared akauliza hatimaye. "Hii mizigo sasa nani anabeba?"

Paddy alikuwa anamtazama Mama Taaka. Yeye hakugeuka, alikuwa anatazama televisheni, mikono mapajani.

"Wabebe wenyewe," akasema Mama Taaka.

Paddy akakohoa, akaisogeza maikrofoni mdomoni, na akamwambia yule kapteni abebe meza yake mwenyewe.